Goti lilipona, kwa nini moyo umeumia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 11, tunaishi Nachingwea. Mwaka jana alivimba goti, kisha kifundo cha mguu, akapona. Sasa tumeambiwa valvu ya moyo inavuja, achomwe sindano kila wiki 4. Ugonjwa wa viungo umefikaje moyoni, na sindano ni za nini ilhali haumwi?

JIBU: Marahaba, mama. Ugonjwa haukuanzia gotini, ulianzia kooni. Bakteria aina ya streptokokasi kundi A husababisha mafindofindo, na mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nao. Lakini kwa kuwa baadhi ya protini za bakteria hao zinafanana na za moyo na viungo vyetu, kwa watoto wachache kinga hiyo hukosea adui, na wiki 2 au 3 baada ya koo kupona huanza kuushambulia mwili wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. (Jina hili limepotosha wengi: baridi ya asubuhi, hata ile ya Newala mwezi Juni, haihusiki.)

Uvimbe wa viungo huhamahama, kisha huisha bila kuacha alama. Valvu za moyo, yaani milango midogo inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu, kinyume chake hupona kwa kovu: kingo zake huwa nene, hukakamaa, pengine hushikamana. Inayoumia zaidi ni ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Isipofunga vizuri, damu hurudi nyuma, kama kwa mwanao. Ikisinyaa, damu hurundikana kuelekea mapafuni, na ndiyo maana baadhi ya wanawake hugundulika wakiwa wajawazito, pumzi inapowabana.

Sindano hiyo, benzathini penisilini, haifuti kovu. Inazuia bakteria wale wasirudi kooni, kwani aliyeugua mara moja huugua tena kwa urahisi, na kila shambulio huongeza kovu juu ya kovu. Kwa aliyekwisha kuumia valvu, huendelea kwa angalau miaka 10 tangu shambulio la mwisho, mara nyingi hadi utu uzima. Najua msimu wa korosho familia huhamia shambani na tarehe husahaulika. Chukueni kadi yake, achomwe katika kituo kilicho karibu. Akianza kuhema akiwa amelala chali, au miguu ikavimba, msingoje tarehe ya sindano: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.