Umeme wa ndege kubwa ya sarakasi: hesabu za Dodoma si za pwani

Mota ya ndege ya rimoti huja na jedwali lake: propela hii, volti hizi, ampea hizi, mvuto kilo kadhaa. Jedwali hilo halikupimiwa Dodoma. Mji huu uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Novemba joto likifika nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa yetu ina uzito wa kilo 1.02 hivi. Hesabu za wahandisi kwa kawaida hutumia 1.225. Hilo ni pungufu la asilimia 17, na propela ileile ikizunguka kasi ileile inavuta pungufu kwa asilimia hizohizo. Hata ukijilinganisha na Dar es Salaam siku yenye joto sawa, bado uko nyuma kwa asilimia 13. Singida iko juu zaidi, kwa hiyo huko mambo yanakaza zaidi.

Kwa kindege cha povu cha mita moja hutaona kitu. Kwa ndege kubwa inayotakiwa kuning'inia wima kwa propela kisha ipande kutoka palepale, asilimia 17 ndiyo tofauti ya kupanda na kukalia mkia.

Tushike mfano mmoja: ndege ya umbo la Extra au Edge (ndege halisi za sarakasi), mabawa mita 2.2, kilo 8 ikiwa tayari kuruka. Ni saizi ambayo wa petroli huifungia injini ya cc 50.

Anza na uzito, tena wa kwenye mizani, si wa kwenye boksi. Pima pamoja na betri, servo (vimota vidogo vinavyosogeza usukani), gundi ya matengenezo na magurudumu makubwa uliyoweka kwa ajili ya changarawe. Kwa sarakasi za kistaarabu, yaani kupiga duara, kubiringika na kuruka kichwa chini, mvuto wa mara 1.3 ya uzito unatosha. Kwa kuning'inia, lenga 1.7 na usikubali chini ya 1.5. Ukihesabu kwa wati zinazotoka kwenye betri, kundi la kwanza linataka 300 hadi 350 kwa kila kilo, la pili 450 kwenda juu.

Kinachofuata ni propela, na hapo wengi huenda kinyumenyume: wananunua mota kwa sababu bei imeshuka, halafu wanaitafutia propela. Propela ndiyo inayofanya kazi. Mota ni kibarua wake. Propela ya 22x10, yaani kipenyo inchi 22 na hatua inchi 10, ikizunguka mara 6,500 kwa dakika huvuta kama kilo 14 kwenye hewa ya usawa wa bahari. Hatua ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa ubao na yenyewe skrubu. Kilo 14 kwa ndege ya kilo 8 ni 1.75, safi kabisa. Ilete Dodoma saa nane mchana: zinabaki kama 12, yaani 1.5, na hapo betri bado ina nguvu. Dakika ya tano volti zikishuka, uko chini ya mstari.

Kuna mtego hapa. Hewa nyepesi inaipa mota mzigo mdogo, kwa hiyo ukipima utaona ampea 75 hadi 80 pale ambapo jedwali linasema 90. Mota inatoka ya uvuguvugu tu, mwenye ndege anafurahi kwamba haichoki, kisha analaumu servo au uzito wa mkia ndege inapokataa kupanda. Mota haijachoka kwa sababu haijapewa kazi.

Dawa ni inchi moja. Mvuto hukua kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo kutoka 22 kwenda 23 kunaongeza karibu asilimia 20, na pungufu lote linarudi. Ampea nazo zinarudi kwenye 90. Usijaribu kuziba pengo kwa kuongeza hatua, mathalani 22x12: utapata mwendo na ampea, lakini ndege iliyoning'inia haihitaji mwendo. Mota yenye Kv kubwa zaidi, yaani inayozunguka haraka zaidi kwa volti zilezile, itaziba, ila kwa gharama: ili 22x10 irudishe mvuto ule lazima izunguke haraka kwa asilimia 10, na nguvu inayoliwa hapo inazidi ile ya kuongeza kipenyo. Propela ya 23 ina shida moja tu: ncha yake inashuka sentimita 1.3 kuelekea ardhini. Kama gia za kutua ni fupi, badilisha magurudumu kwanza.

Sasa mota. Kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti bila mzigo. Seli 12 za betri ya lithiamu zikiwa kazini hutoa volti 43 hivi. Zidisha kwa Kv 190, kisha kwa 0.8 kwa sababu ya mzigo, unapata 6,500. Kwa hatua ya inchi 10, hiyo ni kasi ya kilomita 99 kwa saa, inayotosha ndege ya fujo, yaani ya kuning'inia. Anayetaka sarakasi za mistari mirefu achukue hatua ya 12 na mota yenye uwezo wa kuibeba. Kuhusu ukubwa, gramu moja ya mota ambayo ganda lake la nje ndilo linalozunguka hubeba wati 5 kwa sekunde chache na wati 3 kwa muda mrefu. Ampea 90 kwa volti 43 ni wati 3,870, kwa hiyo mota ya gramu 750 hadi 800 ndiyo saizi yake. Ya gramu 500 iliyoandikwa «wati 4,000» itazifikisha mara chache, kisha sumaku zitapoteza nguvu kwa joto.

Kwa nini seli 12 na si 6? Wati zilezile kwa seli 6 zinataka ampea 180, na joto ndani ya waya hukua kwa ampea zikizidishwa zenyewe: ukiziongeza mara mbili, joto linapanda mara nne. Kwa ndege ya kilo 5 kwenda juu, seli 6 ni kujitafutia moshi.

Kidhibiti cha mota, kile tunachokiita ESC, kiwe cha ampea 120 hadi 130 na kiandikwe wazi kwamba kinabeba 12S, yaani seli 12 mfululizo, maana betri zikijaa ni volti 50.4. Nafasi hiyo ya ziada si anasa. Hewa nyepesi inapoza pungufu, tena inaingia ikiwa tayari na nyuzi 30. Kama betri na kidhibiti viko mbali, refusha waya za upande wa mota. Ukilazimika kurefusha za upande wa betri, kwa kila sentimita 10 ulizoongeza funga kapasita ya maikrofaradi 220, volti 63, karibu kabisa na kidhibiti. Bila hivyo volti zinaruka-ruka na transista zinapasuka, mara nyingi bila onyo. Plagi iwe ya kuzuia cheche. Kuchomeka volti 50 kwenye plagi ya kawaida kunakula shaba kila siku hadi mguso unakuwa mbovu, na mguso mbovu kwenye ampea 90 unayeyusha plastiki.

Umeme wa risiva (kipokezi cha rimoti) na servo usitoke kwenye betri kubwa. Servo kubwa sita au nane zikikazwa pamoja zinavuta ampea 20 na zaidi. Weka betri mbili ndogo za 2S, mAh (miliampea-saa) 2,500 kila moja, kila moja na swichi na waya wake. Ikifa moja, nyingine inakufikisha chini.

Betri kubwa: mbili za 6S mAh 5,000 zilizofungwa mfululizo ni bora kuliko 12S moja. Sababu ni safari. Kila moja ina wati-saa 111, na kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kubeba mkononi betri mbili za akiba za kati ya 100 na 160 kwa kibali cha shirika la ndege. 12S moja ni wati-saa 222, haipandi. Nunua mbili za tarehe moja na uziandike namba; zizeeke pamoja.

Herufi C kwenye lebo, inayotaja ampea ambazo betri inaweza kutoa, isikusumbue sana, wengi wanaiongezea chumvi. Pima upinzani wa ndani wa kila seli kwa chaja. Seli nzuri ya mAh 5,000 ina miliomu 2 hadi 3. Kwa ampea 90, miliomu 3 zinakula volti 0.27 kwa seli na kuzalisha wati 24 za joto. Kwa seli 12 hizo ni karibu wati 290, hita ndogo ndani ya mwili wa mbao. Seli ikifika miliomu 7, betri hiyo iende kwenye taa za nyumbani. Pima joto likiwa lilelile kila mara, kwa sababu asubuhi ya Julai yenye nyuzi 14 hata betri mpya itaonekana mgonjwa. Msimu huo zifunge kwenye blanketi kabla ya kuruka. Novemba shida ni kinyume chake: betri iliyojaa ndani ya gari lililofungwa juani inavimba. Usiporuka siku mbili, zirudishe kwenye volti 3.85 kwa seli.

Upoozaji: matundu ya kutolea hewa yawe mara mbili ya yale ya kuingizia. Ukiingiza kwa sentimita 40 za mraba, toa kwa 80. Ziba pua yote isipokuwa usawa wa mota, la sivyo hewa itapita pembeni na kutoka bila kugusa kitu. Na vumbi letu jekundu usilichukulie poa: beringi hulia, na punje za chuma zilizomo mchangani hunasa kwenye sumaku na kukwangua nyaya. Tandika turubai la mita 3 kwa 3 pa kuwashia mota, na pulizia mota kwa pampu ya baiskeli ukimaliza.

Kabla ya kuruka, pima hapahapa. Funga mkia kwa kamba kwenye nguzo kupitia mizani ya kuning'iniza ya kilo 25 ya sokoni, ndege ikiwa imelala kwenye turubai. Washa kamili kwa sekunde 10, wewe ukiwa nyuma ya propela, kamwe si pembeni mwake. Soma kilo, ampea na volti. Watimita (kipima wati) iwe inavuka volti 55. Ukiazima mita ya kubana waya kwa fundi umeme, hakikisha inapima ampea za DC. Nyingi ni za AC tu na zitakuonyesha sifuri. Rudia kipimo saa saba mchana. Kikitofautiana sana na cha saa moja asubuhi, cha mchana ndicho cha kufuata.

Safari ya kwanza, weka saa dakika 4. Chaji, soma mAh zilizorudi. Zikiwa 2,300, unakula ampea 35 kwa wastani. Ukibakiza asilimia 20 una mAh 4,000, karibu dakika 7. Kata ziwe 6. Hiyo ya ziada ni ya kuzunguka upya upepo wa kusini-mashariki ukikukataa, maana kwenye hewa hii ndege inatua kwa kasi inayozidi ya pwani kwa asilimia 7 hivi. Na ruhusa ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, uwe nayo mfukoni, na uruke mbali na njia za uwanja wa ndege wa mjini na ule wa Msalato.

Kuchaji uwanjani: mzunguko mmoja wa kuchaji unataka wati-saa 210 pamoja na upotevu wa chaja. Betri ya gari ya Ah 60 ikishushwa hadi nusu inatoa kama 360, kwa hiyo ni mzunguko mmoja na nusu, halafu gari haliwaki. Betri ya sola ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 100, inakupa mitano.