Mpeasi Tabora: usiulize unavumilia baridi kiasi gani

Wageni wangu wengi hapa Ipuli husimama kwanza kwenye ile mipeasi miwili nyuma ya jiko. Kisha linakuja swali: ninunue aina gani inayovumilia baridi? Hata mimi nililiuliza, likanigharimu miaka minne.

Nilikuwa nimesoma habari za Summercrisp, mpeasi uliozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kwenye theluji kali. Nikajiambia, mti wa namna hiyo utashindwaje Tabora? Nikanunua mche uliosifiwa kwa uvumilivu huohuo. Miaka minne majani matupu, wala ua moja. Nikaung'oa kwa uchungu.

Mpeasi hulala. Hupukutisha majani, macho yake (vichipukizi vya maua na majani) yakajifunga, na hayafunguki vizuri mpaka yapate baridi ya kutosha. Aina nyingi za Ulaya hudai saa 600 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Sisi usiku wa Julai, tukiwa tumejifunika blanketi mbili, ni kama nyuzi 14 au 15. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni mti unadai baridi kiasi gani, na kwetu utafute unaodai kidogo kabisa.

Miwili niliyo nayo shemeji aliniletea kutoka Lushoto, imebebeshwa, yaani kijiti cha aina bora kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine, ya aina mbili tofauti. Hilo la aina mbili usilipuuze, maana mipeasi mingi haizai vizuri bila chavua ya mwenzake. Nilichimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, nikachanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza. Matandazo niliyaweka mbali kidogo na shina, kwa sababu mchwa wa hapa hawana huruma.

Kilichonisaidia zaidi ni kuulaza mti usingizi mimi mwenyewe. Kule Batu, Indonesia, wakulima wa tufaha hupukutisha majani kwa mkono ili mti uchanue bila baridi. Nikajaribu: Juni nikapunguza maji, Julai nikayachuma majani yote, na matawi yaliyosimama wima nikayavuta kwa kamba yakakaa mlalo. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliniuliza kwa huruma, "Mwanangu, mti umekukosea nini?" Wiki chache baadaye maua meupe yakatoka. Mwaka ule nilipata mapeasi saba. Ni machache, lakini niliyalilia.

Ukitaka matunda ya kuuza, panda mwembe wa kubebesha. Tabora ni nchi ya maembe. Walio kwenye milima ya Buhigwe, kule Kigoma, wana hali ya hewa nzuri zaidi ya kujaribu mpeasi kuliko mimi.

Peasi usilisubiri liive mtini, huoza kuanzia ndani. Likiwa bado mtini, linyanyue kwa mkono mpaka likae mlalo. Likikatika kikonyo kwa urahisi, lichume, liweke ndani siku kadhaa. Shingo ikibonyea kidogo chini ya kidole, lile.