Mkimbiaji nyota wa marathoni astaafu lini, na baada ya hapo afanye nini?

Mleta uzi ameuliza: Eliud Kipchoge alimaliza wa 17 New York Novemba 2025 kwa saa 2:14:36, sasa anangoja nini? Na mkimbiaji mkubwa anajuaje kwamba muda umefika? Najibu kuhusu marathoni tu, mpira una mambo yake.

Muda wa mbio moja hausemi kitu. New York ina madaraja na vilima, na haina wadhibiti kasi, yaani wakimbiaji wanaolipwa kuwaongoza wengine kwa kasi iliyopangwa. Aprili mwaka huo huo Kipchoge alikuwa wa 6 London kwa 2:05:25, muda ambao wengi kambini hawajawahi kuugusa. Mwenye kusema ukweli ni mazoezi. Mkimbiaji wa kiwango hicho hukimbia kilomita 180 hadi 220 kwa wiki, na humo mna siku tatu ngumu: uwanjani Jumanne, mbio ndefu ya kilomita 30 hadi 40 Alhamisi, fartlek (kubadilisha kasi, haraka kisha polepole, bila kusimama) Jumamosi. Umri ukienda, kasi haiwi ya kwanza kuondoka. Mwili ndio unachelewa kupona. Alhamisi anamaliza vizuri, Jumamosi miguu haimsikii. Kocha analazimika kumpa siku ya ziada ya kupumzika, kilomita za wiki zinapungua, na deni hilo linalipwa baada ya kilomita ya 30. Ndiyo maana mkongwe anakaa na kundi la mbele muda mrefu kisha anaachwa ghafla. Yakitokea hayo mara tatu mfululizo kwenye njia tambarare, baada ya maandalizi yasiyo na jeraha, jibu limepatikana.

Dalili nyingine ni jeraha linalorudi pale pale kila mazoezi yakikaribia kilele. Mkenya Mary Keitany, aliyekimbia marathoni ya London kwa 2:17:01 mwaka 2017, alisumbuliwa na mgongo tangu mwishoni mwa 2019, na Septemba 2021 akatangaza kuacha. Ule ulikuwa uamuzi mzuri.

Ila kuna wanaotakiwa kuacha mbio fulani, si riadha. Kipchoge mwenyewe, alipokuwa bado anakimbia mbio za uwanjani, alikosa timu ya Olimpiki ya London 2012. Mwaka uliofuata akashinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, kwa 2:05:30. Angekuwa amestaafu tusingeona lolote la baadaye.

Na asitangaze siku ya mbio. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alijitoa New York Novemba 2010 goti likimuuma, akatangaza kustaafu papo hapo, akabatilisha baada ya siku chache, akaja kuacha kweli 2015. Ngoja angalau wiki sita, upime damu, upimwe jeraha, ndipo uamue.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Aliye kwenye kundi la wanaopimwa dawa za kuongeza nguvu lazima aeleze kila siku yuko wapi, pamoja na saa moja ambayo akifuatwa hapo lazima apatikane. Makosa matatu ndani ya miezi 12 ni kosa la dawa hata kama hajameza kitu. Mtu anaacha mazoezi, anarudi shambani, anasahau kujaza taarifa, na anafungiwa akidhani amestaafu. Kustaafu ni barua: mwandikie aliyekuweka kwenye kundi hilo, uhifadhi jibu lake la maandishi. Akitaka kurudi mashindanoni, atoe taarifa miezi sita kabla na apatikane kupimwa muda wote huo.

Barua hiyo isitangulie kuusoma mkataba wa kampuni ya viatu inayokudhamini. Mikataba mingi huisha Desemba 31, na mingi ina kipengele cha kupunguza malipo asipokimbia idadi fulani ya mbio. Anayetangaza Agosti anaweza kujikatia miezi minne ya malipo bila sababu.

Upande wa pesa, watu husoma zawadi gazetini wakadhani yote inafika Eldoret. Chukua dola 150,000 za mshindi wa Boston. Marekani inakata asilimia 30 mlangoni, zinabaki 105,000. Meneja akichukua asilimia 15 ya jumla, 22,500, zinabaki 82,500. Kocha akipewa asilimia 10, zinabaki 67,500, na bado kuna kodi ya jimbo, wenzako wa mazoezi, masaji na ukoo mzima. Tena zawadi hailipwi kabla majibu ya vipimo hayajatoka. Ndiyo maana mpango wa kustaafu unaanza miaka miwili kabla, mkataba ukiwa bado mnono.

Kosa kubwa ni kugeuza kila kitu kuwa ploti. Shamba la kilimo Kenya linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na muda wa kukiomba ni miezi sita tangu makubaliano. Bila kibali, mauzo ni batili. Fanya upekuzi wa hati wewe mwenyewe au kwa wakili wako, usimwachie wakili wa muuzaji, na jina kwenye hati liwe lako, lisiwe la kaka aliyebaki nyumbani. Kabla ya ghorofa, weka akiba ya matumizi ya miezi 24 mahali inapotoka haraka.

Walioajiriwa polisi, magereza au jeshini wana nafuu kubwa: mshahara na pensheni vipo. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia Tokyo 2025, ni mwanajeshi wa JWTZ. Ila ukiacha kukimbia, kazi ya kawaida inakungoja, kwa hiyo chukua kozi za kupanda cheo mapema.

Ukocha ni njia nzuri, lakini medali haifundishi. Patrick Sang, kocha wa Kipchoge, alipata medali ya fedha ya Olimpiki Barcelona 1992 kwenye mbio za kuruka viunzi na maji, na heshima yake kama kocha ameijenga kwa miaka mingi ya kulea vijana kambini. Anza na kozi ya ngazi ya kwanza ukiwa bado unakimbia. Mkimbiaji wa zamani Paul Tergat aliingia uongozini, akawa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) 2013 na mwenyekiti wa kamati ya Olimpiki ya Kenya 2017. Mwenzake wa Tanzania, Filbert Bayi, alijenga shule nchini kwake.

Mwisho ni mwili. Usitoke kilomita 200 hadi sifuri. Punguza kama robo kila wiki mbili, ufike 40 za polepole baada ya miezi mitatu hivi, na ugali upungue pamoja nazo. Pima moyo na presha mwanzoni, kisha tena mwaka ukiisha.