Ukurasa wa mwisho

Mamaangu,

Waalaikum salaam. Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa nakanda unga wa mahamri nikaikata katikati maana mikono ilikuwa imejaa unga na roho ishaanza kwenda mbio, nikadhani wataka kunambia umeacha kazi ama umepata mchumba wa ajabu. Kumbe ni vitabu. Wasema tangu Rajabu umesoma vitatu vya mambo ya anga, vile vya kusomwa na kila mtu si vya chuo, na kila ukimaliza kimoja waona swala inakuwa kama kuigiza, wainama wainuka huku kichwani wahesabu galaksi na kujiona vumbi. Halafu ukamalizia hivi, "Mama, na weye ulivisoma hivi vitabu zamani, mbona hukuacha kuswali? Ama ulikuwa wajilazimisha?"

Kwa voisi siwezi kukujibu, nitalia ama nitafoka, kwa hivo naandika, na usinisahihishe vituo na herufi kubwa, nimestaafu ualimu na hizo nimestaafu nazo.

Kwanza, nani alokwambia sikuyumba?

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa kile cha Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, cha 1988, nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba kando ya barabara, gamba la nyuma halipo, nikiwa mwalimu mgeni wa sayansi na babako ndo kwanza amenioa. Nusu yake sikuelewa, na walioniambia wao walielewa chote siwaamini mpaka leo. Lakini mwisho kabisa anasema siku binadamu tukipata nadharia kamili ya ulimwengu tutakuwa tumeijua akili ya Mungu, na mimi nikapiga subhanallah pale pale kitandani nikamwamsha babako nikamwambia huyu mzungu karibu anasilimu. Babako akanambia zima taa.

Sasa cha pili. Babako alipofariki ulikuwa na miaka minne, labda wakumbuka watu wengi na sufuria kubwa za pilau, mengine hukumbuki. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, na eda unaijua, hutoki, huvai la kuvaa, wahesabu miezi, na mimi nilikuwa naihesabu kweli kweli kwa kuchungulia mwezi mwandamo kupitia dirisha la uani juu ya bati la jirani. Mjomba wako akaona nitaingia wazimu akaniletea boksi la vitabu. Ndani mlikuwa na kimoja chembamba cha Steven Weinberg, mwanafizikia wa Marekani, cha 1977, kinachoeleza dakika tatu za kwanza za ulimwengu. Mwanangu kitabu kile ni kizuri, sikudanganyi. Mna kisa cha mabwana wawili wa Marekani, Penzias na Wilson, walokuwa na antena kubwa kama tarumbeta kule New Jersey mwaka 1964, na kila wanapoielekeza wanasikia mvumo mdogo usiokatika, mchana usiku, wakadhani ni kinyesi cha njiwa walojenga kiota ndani, wakapanda wakasugua kinyesi, mvumo uko pale pale. Kumbe ni joto lilobaki tangu ulimwengu ulipoanza, limepoa mpaka kama digrii 270 chini ya sifuri, limeenea kila mahali. Nilicheka peke yangu saa sita usiku, na ndo mara ya kwanza kucheka tangu mazishi, wazee wazima wanalaumu njiwa.

Nikafika ukurasa wa mwisho. Anasema kadiri ulimwengu unavyoeleweka ndivyo unavyoonekana hauna lengo.

Ningesoma maneno yale nikiwa na babako ubavuni ningesema huyu naye kachoka akalale. Lakini niliyasoma upande wa pili wa kitanda ni baridi. Nikafunga kitabu. Na kuanzia siku ile, kwa muda wa kama miezi miwili, nikawa naswali kama unavyosema weye, mwili tu, na jioni wanawake wa mtaa wanakuja kunisomea Yasini na Tabaraka nami naitikia amin huku ndani nasema, hauna lengo, hauna lengo. Sikumwambia mtu. Nyanyako angeita watu wa kunisomea.

Kwa hivo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, nilijilazimisha. Ningefanyaje, adhana iko mita thelathini kutoka dirishani.

Lilonizindua halikuwa hoja ya sheikh, yalikuwa maharagwe. Nimemaliza eda nimerudi shule, darasa la tano, tunaotesha maharagwe kwenye pamba ndani ya vikopo, na kila mtoto ana daftari nimemchorea mstari katikati, upande mmoja TULICHOONA, upande wa pili TUNACHODHANI. Naja kusahihisha, kijana mmoja upande wa tulichoona kaandika, maharagwe yametoa mzizi sentimita mbili na maharagwe yamefurahi. Nikapiga kosa kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni, hii ihamishe upande wa pili. Halafu kalamu ikanisimama mkononi. Maana Weinberg ukurasa baada ya ukurasa alikuwa upande wa tulichoona, joto, hidrojeni, heliamu, namba safi kabisa, kisha mwishoni kaandika maharagwe yamehuzunika, na mimi mwalimu mzima nikampa vema.

Nikarudi nyumbani nikakitoa kile kitabu. Na hapa ndo pana aibu yangu, kulikuwa na maneno mengine baada ya yale! Anaendelea kusema ile juhudi yenyewe ya kutaka kuujua ulimwengu ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoyainua maisha ya binadamu. Yaani mtu alijaribu kutoa mkono wa pole kwa namna yake na mimi nilishafunga kitabu nalia. Na sio mimi peke yangu, maneno yale ya kwanza huyakuta kila mahali watu wanatumiana, wengine kwa kujisifu hawana dini, wengine kwa kuonyesha wasio na dini walivyo na huzuni, na ya pili hakuna anayeyabeba.

Na kuna hili ambalo nililijua baadaye sana, ningelijua wakati ule ningeokoa miezi miwili. Weinberg alipata tuzo ya Nobel mwaka 1979 na aligawana na wenzake wawili, mmoja wao Abdus Salam wa Pakistani. Habari za madhehebu yake ya Ahmadiya tuziache leo, najua mjomba wako ataanza. Ninachotaka uone ni kwamba hesabu ni zilezile, tuzo ni ileile, na Salam aliposimama kule Stockholm kwenye karamu ya tuzo akasoma aya za Suratul Mulk, zile za rudisha jicho utazame, je waona kasoro yoyote. Tabaraka mwanangu! Ileile nilokuwa nasomewa sebuleni nikiitikia huku roho haiko. Basi kama hesabu zenyewe ndizo zinamtoa mtu kwenye imani zingewatoa wote wawili, na kama ndizo zinamtia zingewatia wote wawili.

Usidhani nawapiga wao tu. Sisi twaandika maharagwe yamefurahi kila Ijumaa. Miaka ya mwanzo ya ualimu wangu kulikuwa na kanda ya kaseti inazunguka mtaani, mhadhara, ati Neil Armstrong, yule wa kwanza kukanyaga mwezi, alisikia adhana huko mwezini na alipokuja kuisikia tena Misri akasilimu. Nikawahadithia darasa zima, watoto mia kasorobo, wakapiga takbira mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Uongo mtupu. Armstrong mwenyewe alikana, na mwaka 1983 serikali ya Marekani iliandikia balozi zake za nchi za Kiislamu ziwaambie watu kwa upole kwamba hajasilimu. Na mwezini hamna hewa, sauti itapita wapi, mimi ndo nilikuwa nawafundisha sauti yataka hewa, Jumatatu nafundisha hivo Alhamisi nawapigia adhana mwezini. Wale watoto sahii ni watu wazima wana watoto, sijui wangapi bado wanaihadithia.

Na hizi klipu za TikTok unazonitumia, za sayansi imethibitisha aya fulani, nazo ni zilezile. Leo nadharia yakubaliana na aya unapiga takbira, kesho nadharia yabadilishwa, utaibadilisha na aya? Aliyelijua hili vizuri kushinda masheikh wetu wa mitandaoni ni padri mmoja Mbelgiji, Georges Lemaître, ndo mmoja wa walotangulia kusema ulimwengu unapanuka, 1927, na kwamba ulianza kutoka kitu kidogo mno. Mwaka 1951 Papa akahutubia kana kwamba jambo hilo lathibitisha kuumbwa kwa ulimwengu, na Lemaître, padri huyo, hakufurahi, alitaka nadharia yake ibaki nadharia. Jina la Mlipuko Mkubwa, wanaloiita nadharia hiyo, lenyewe lilitoka kwa mwanasayansi wa anga Fred Hoyle redioni mwaka 1949, naye alikuwa haikubali nadharia hiyo hata kidogo.

Lakini mbali huko kote twaenda kwa nini. Alipofariki Ibrahim mtoto wa Mtume (s.a.w.) jua likapatwa siku hiyohiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Fikiria baba kamzika mwanawe leo, na watu wote wako tayari kumpa mbingu imlilie. Akawakatalia. Akasema jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala uhai wake. Hadithi hii naijua tangu chuo cha Kurani lakini niliisikia vizuri baada ya babako, maana mimi pia nilitaka mbingu iseme kitu, na iliponyamaza nikamwamini Weinberg kwamba haina la kusema.

Kuna na hili linalonikera kwenye vitabu hivi, sijui kama hivyo vyako vitatu vimo. Wakifika kwenye dini wanakuletea Galileo na kesi yake ya Roma ya 1633, alivyohukumiwa na kanisa kwa kusema dunia yazunguka jua, kila mara, kisha mtoto wa Kibokoni hapa Mombasa anafunga kitabu anaona ni lazima achague upande kwenye ugomvi ambao nyumbani kwake haukupita. Ugomvi wetu sisi ni wa mwandamo, wa kufuata Saudia na wa kungoja uonekane hapa, na mwaka huu ushaanza na Ramadhani hata haijaingia. Huku kwetu msikiti ulikuwa na mtu wake wa nyota wa kupiga hesabu ya nyakati za swala. Ibn al-Shatir alikuwa na kazi hiyo msikiti mkuu wa Damascus karne ya 14, na hesabu yake ya mwendo wa mwezi ndiyo hiyohiyo utaikuta kwa Copernicus, yule alomtangulia Galileo kusema dunia yazunguka jua, na hicho kitabu cha Copernicus kilitoka 1543. Na juzi juzi tu, tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza kabisa ya kupima eksirei za angani ilirushwa kutoka baharini hapa Ngomeni, kule mbele ya Malindi, wakaiita Uhuru. Ndiyo ilosaidia watu wakubali kwamba kule angani panapoitwa Cygnus X-1 pana shimo jeusi, kitu chenye mvutano hata nuru haitoki, na Hawking alikuwa ameweka dau na mwanafizikia mwenzake Kip Thorne kwamba hapana, 1990 akakubali kashindwa. Alichomlipa Thorne ni magazeti ya aina ambayo mamako hawezi kukutajia, katafute mwenyewe.

Huyo Hawking, wakumbuka nilikwambia karibu anasilimu, 2010 akatoa kitabu kingine anasema Mungu hahitajiki, ulimwengu waweza kujianzisha maadamu kuna sheria ya mvutano. Mjomba wako akija na jawabu lake, na hiyo sheria kaiweka nani, mimi namwambia hilo ni swali zuri sana la barazani na kahawa chungu, darubini haina mkono nalo, si la kwako si la Hawking. Nilimfurahia bure 1988, na nisingekuwa na haki ya kumkasirikia 2010.

Sasa weye. Hukunambia ni ukurasa gani. Wasema "vitabu", lakini mimi nakujua, kuna mahali ulisimama, labda ulikuwa ndani ya matatu umetoka kazini umechoka, labda ni wiki ile mlogombana na rafiki yako ukahama nyumba. Nataka unambie ulikuwa wapi na ulikuwa umebeba nini. Na swala yako ya baridi, mimi sina dawa, yangu ilirudi na sikuona ilirudi lini, siku moja niko sijdani nikagundua nimekawia.

Ukija Iddi kuja na kile cha tatu, nitakianzia nyuma. Na stima ikipotea, itapotea tu, tutapanda juu kwenye kamba za nguo nikuonyeshe kilimia, kile kishada cha nyota, Mfungo Mosi wa mwaka huu jioni kitakuwa upande wa magharibi, kimekusanyika kama punje za mtama. Babu yako akiwa kwenye jahazi alikuwa hasafiri bila kukitazama, na akisema vile vya wazee, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Juu yake kidogo utaona nyota moja nyekundunyekundu. Vitabu vyako vinaiita Aldebaran, hawasemi kwa nini. Ni ad-dabaran, yenye kufuata, maana usiku kucha iko nyuma ya kilimia, haikifikii.

Na ulete ile sufuria yangu ya kifuniko cha kioo, mwaka wa pili huu.

Mamako