Kabla ya kichezeo, semeni nani alimfundisha mbwa kuvuta

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, ni busara kutumia pesa kumnunulia mbwa vichezeo?" Nilicheka, kisha nikakasirika. Kwa pesa za mpira mmoja wa mbwa unaoletwa kutoka ng'ambo, hapa mtaani kwetu Free Area, Nakuru, familia inapata unga, sukuma na mafuta, na chenji inabaki. Mbwa wetu wengi hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku walinde boma. Acheze na nani saa nane za usiku? Kwa hiyo jibu langu ni hapana.

Lakini kuna swali mlilolipita bila kuligusa, nalo ndilo lililonichoma. Mbwa hararui nguo kwenye kamba kwa sababu amekosa kichezeo. Anararua kwa sababu tulimfundisha. Akiwa mdogo vijana wanamchokoza kwa mikono mitupu, anawang'ata vidole, kila mtu anaona raha. Akishakuwa mkubwa anafanya yaleyale na sasa tunaitana kutafuta rungu.

Mbwa wetu, jina lake Chui, ni mchanganyiko wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd, au ndivyo alivyoapa aliyetuuzia. Siku ya kikao cha mahari ya binti yetu mkubwa, alikuwa na mwili wa mbwa mzima na akili ya mtoto wa chekechea. Wapwa zangu wa Nairobi walikuwa wamekuja likizo ya Agosti, na walimfundisha mchezo mmoja tu: unavaa sweta kuukuu, unamnyoshea mkono, naye anaushika, mnavutana uwanja mzima. Anayeanguka ameshindwa. Siku hiyo tulimfungia kibandani tangu alfajiri. Nani alifungua komeo, mpaka leo hakuna anayekubali.

Wageni wakashuka kwenye matatu yao ya kukodi. Msemaji wao, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa amevaa koti zito la sufu, yale ya watu wa Molo wanaoijua baridi. Akanyosha mkono anisalimie. Chui akaona sweta.

Hakubweka. Alikuja kwa furaha, mkia unapepea, akaushika mkono wa koti na kurudi nyuma. Akina mama wakapiga kamsa. Shemeji yangu akaokota jiwe, mwingine akamshika mbwa mkia, mama mkwe akatoka jikoni na mwiko wenye ugali. Kadiri tulivyopiga kelele ndivyo Chui alivyozidi kuamini kwamba mchezo umenoga. Mshono wa begani ukaanza kuachia, tukiusikia.

Yule mzee hakupandisha sauti. "Nyamazeni nyote," akasema. "Mnamshangilia." Akalegeza mkono, akasimama wima, akaelekeza macho juu kwenye mabati. Hakumtazama mbwa wala kumwambia neno. Nasi tukanyamaza, kwa aibu zaidi kuliko kwa utii. Chui akavuta mara moja, akavuta tena, akaona hakuna anayevuta upande wa pili. Akaachia. Akakaa chini akimwangalia. Ndipo mzee akamwambia "vizuri" na kumkuna chini ya kidevu. Baadaye tuliambiwa kwamba huko kwao alifuga mbwa wa kuchunga kondoo kwa miaka mingi.

Jino lilikuwa limemkwaruza kidogo karibu na kifundo cha mkono, na mkwaruzo wa mbwa haufutwi kwa leso ukaishia hapo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, na karibu wote wanaokipata, 99 kwa kila 100, hukipata kwa mbwa. Tukamketisha mgeni wetu wa heshima penye mfereji, sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mpwa mmoja akihesabu kwa simu (hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu yake). Kadi ya chanjo ya Chui ikasakwa nyumba nzima, ikapatikana ndani ya Biblia, na hata hivyo mzee akapelekwa kliniki aangaliwe. Mazungumzo ya saa tano yakaanza saa tisa. Mbuzi mmoja akafutwa kwenye orodha kwa ajili ya koti. Mume wangu hadi leo humwita Chui "yule aliyekula mbuzi".

Mniwie radhi kwa urefu, ila sijapata mwalimu mwingine wa mbwa aliyenishinda yule mzee. Meno yakigusa ngozi au nguo, mchezo unakatika papo hapo. Usimpige kofi: kwa mbwa kijana kofi ni sehemu ya mchezo, au linamfundisha kuogopa mikono, na mbwa anayeogopa mikono ndiye anayeuma kweli. Geuka, kunja mikono, mnyime macho kwa nusu dakika hivi, kisha anza tena polepole. Nyumba nzima ifuate hivyo hivyo, hata huyo mjomba anayekuja Krismasi na kusema mbwa dume lazima awe mkali. Vitoto vya mbwa hufundishana haya vyenyewe, maana anayeumwa sana hulia na kumwacha mwenzake bila wa kucheza naye. Ndiyo sababu havifai kutolewa kwa mama kabla ya wiki 8. Wale wanaouzwa ndani ya katoni kando ya barabara, wengi hawajafika hapo.

Sasa, nikiandika haya naona nimejitia kwenye kona. Ukimkataza mbwa mkono wako, meno atayapeleka wapi? Kuanzia mwezi wa nne hivi meno yake 28 ya utoto yanaanza kung'oka, na kufikia mwezi wa saba huwa amepata 42 ya ukubwani. Ufizi unamwasha, hana budi kutafuna. Vya bure nimevipitia vyote kichwani, na karibu kila kimoja kina kasoro. Ukimpa kiatu kikuukuu, hajui tofauti yake na kile cha kanisani. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, wa kuku ndio mbaya zaidi. Kipande cha tairi kinaonekana kigumu cha kutosha, ila tairi nyingi zina nyaya za chuma ndani. Kamba ikichambuka, nyuzi humezwa na kukunja utumbo. Mpira wa juala tuliousokota utotoni, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 hata watoto wanauona kwa nadra, na ni heri, kwa sababu mbwa angeumeza. Mawe anajiokotea mwenyewe, yanamvunja meno.

Kumbe hata kile kichezeo maarufu cha Kong kilianzia kwenye tatizo hilo la mawe. Mmarekani mmoja wa Colorado, Joe Markham, katika miaka ya 1970 alikuwa na mbwa aitwaye Fritz aliyejiharibu meno kwa kutafuna mawe. Siku moja akitengeneza basi dogo la Volkswagen, Fritz alikipenda kipande cha mpira kilichotolewa kwenye gari, akaacha mawe. Spea ya gari! Habari hiyo imenilainisha kuliko tangazo lolote, na sioni kinachowazuia mafundi wetu wa jua kali kubuni cha kwao, mradi wakae mbali na zile nyaya.

Basi nabadilisha: nunueni, lakini kimoja. Kiwe cha mpira mzito, kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kupita kooni, na kiwe kinabonyea kidogo ukikikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba, kwa sababu kisichobonyea kabisa kinaweza kuvunja jino. Kikianza kumeguka kitupeni, hata kama risiti bado iko mezani. Kisilale uwanjani. Kitoke mtu akiwepo, kirudi juu ya kabati mchezo ukiisha. Mbwa akikataa kukiachia, msimpokonye, badilishaneni naye kwa kipande cha nyama, na akinguruma, watoto wakae mbali kabisa. Kwa mbwa mzee aliyezoea kulala kivulini sina hakika kinamsaidia. Na kama nyumbani hakuna mtu wa kucheza naye hata dakika 10 jioni, hiyo pesa iende kwenye chanjo ya mwaka huu.