Ubani juu ya jeneza: je, mume wangu alizikwa kwa uganga?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Katika misa ya mazishi ya mume wangu, padre alilizunguka jeneza akilifukizia ubani. Shemeji yangu, ambaye ameokoka na kuhamia kanisa jingine, alitoka nje, na jioni akawaambia wanangu kwamba baba yao amezikwa kwa uganga, kwamba Mungu aliukataa uvumba kwa kinywa cha Isaya, na kwamba Wakristo wa kwanza waliona heri kufa kuliko kuuchoma. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Je, tulikosea?

JIBU: Milele amina. Pole sana, mama. Hamkumkosea Mungu, wala hamkumkosea marehemu. Ningeweza kuishia hapo, lakini maneno hayo yalisemwa mbele ya watoto waliotoka kumzika baba yao siku ile ile, kwa hiyo hayafai kuachwa bila kujibiwa.

Ni kweli kwamba katika Isaya 1:13 Mungu anasema uvumba ni chukizo kwake. Lakini aliyeusoma mstari huo angeendelea mpaka wa 15, ambapo Mungu huyo huyo anasema kwamba hata wakiomba maombi mengi hatasikia, kwa kuwa mikono yao imejaa damu. Kama mstari wa 13 umefuta uvumba, basi wa 15 umefuta sala, na shemeji yako angepaswa kuacha kuomba. Nabii alikuwa akiwakemea watu waliodhulumu yatima na wajane kisha wakaja hekaluni kana kwamba hawakufanya neno. Uvumba wenyewe uliamriwa na Mungu: katika Kutoka 30 Haruni anaagizwa kuufukiza kila asubuhi na kila jioni juu ya madhabahu ya mti wa mshita iliyofunikwa dhahabu, na mchanganyiko wake, ubani safi ukiwamo, ulikatazwa kutengenezwa kwa matumizi ya mtu binafsi. Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, aliangukiwa na kura ya kuingia kuufukiza, nao umati ukawa nje ukisali saa ile ile. Malaika alimtokea upande wa kuume wa madhabahu hiyo, tena kwa habari njema. Daudi naye, katika Zaburi ya 141, aliomba sala yake ipae kama uvumba, na Yohana katika Ufunuo 8 aliona moshi wa uvumba ukipanda mbele za Mungu pamoja na sala za watakatifu.

Hoja ya wafiadini ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inadanganya. Mnamo mwaka 112 liwali wa Kirumi Plinio alimwandikia Kaisari Trajano kwamba watu walioshtakiwa kuwa Wakristo aliwajaribu kwa kuwataka watoe uvumba na divai mbele ya sanamu ya kaisari. Na Kaisari Desio alipoamuru dhabihu kwa miungu mwaka 250, wapo waliookoa maisha yao kwa kuchoma uvumba, na Kanisa likawatoza kitubio kirefu. Lakini walichokataa wafiadini ni kumpa kaisari na miungu heshima ya Mungu. Ni kweli pia kwamba katika karne zile za mwanzo Wakristo hawakuufukiza katika ibada zao, kwa kuwa harufu yake iliwakumbusha mahekalu ya miungu. Hata hivyo Tertuliani wa Karthago, mwandishi Mkristo, aliyewaambia wapagani waziwazi kwamba Wakristo hawanunui ubani kwa ajili ya miungu, aliongeza kwamba Waarabu wasinung'unike, kwa sababu bidhaa yao hutumika kwa wingi zaidi kuwazikia Wakristo kuliko kuifukizia miungu. Hayo yaliandikwa karne ya 2 ikielekea kwisha, na yanahusu mazishi, mama! Mwishoni mwa karne ya 4, mhujaji Egeria aliona vyetezo vikiingizwa alfajiri ya Jumapili katika pango la kaburi la Bwana huko Yerusalemu, hata kanisa zima likajaa harufu nzuri.

Waganga hutumia ubani, ndiyo. Hutumia pia maji, na hatujaacha kubatiza. Mganga hufukiza ili moshi umlazimishe pepo au ulete bahati; padre hafukizi ili kumlazimisha yeyote. Katika misa chetezo hicho hicho hufukizia altare, Injili, padre na waamini wote, na hakuna anayedhani kwamba waamini wanaabudiwa. Mwili wa mume wako ulibatizwa, ulipakwa krisma, ulipokea Ekaristi; Paulo anauita hekalu la Roho Mtakatifu, nasi tuliuaga kwa heshima inayostahili hekalu. Ila mtu akikuletea ubani akisema ufukize nyumba ili roho ya marehemu isirudi, huyo mkatalie bila kuona haya.

Kuhusu shemeji, usianze naye kwa mistari hii. Amefiwa na ndugu yake, na huenda ukali wake ni uchungu uliokosa pa kwenda. Anza na wanao: waketishe, waambie kwa maneno yako kwa nini baba yao alifukiziwa ubani, na uwaache waulize. Jioni salini pamoja Zaburi ya 141. Peleka nia ya misa kwa ajili ya marehemu parokiani, na umwalike shemeji. Akikataa, usimbembeleze wala usimnunie. Na huko kukosa usingizi usikubebe peke yako. Ongea na paroko wako na akina mama wa jumuiya yako, na kukiendelea, nenda ukaonane na daktari, kwa maana watoto hao sasa wanakutegemea wewe.