Vitunguu vimeitika, kabichi imegoma: je, kuvu ya mizizi niliyouziwa ni majivu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nilinunua mkebe wa unga wa kijivu. Muuzaji aliniambia ni kuvu rafiki wa mizizi, ukiuchanganya na udongo mmea unakua mara mbili. Nina vitalu vitatu: vitunguu, nyanya na kabichi. Kila kitalu nilikigawa, nusu nikatia unga, nusu nikaacha. Mbolea ya kupandia ilitosha nyanya na kabichi tu, vitunguu vikakosa. Sasa ni wiki ya saba. Vitunguu vya upande wenye unga vimevipita vya upande wa pili kwa mbali. Nyanya labda zina tofauti, labda ni macho yangu. Kabichi hakuna kitu. Je, nimeuziwa majivu? Na kuvu si ndiyo hiyo hiyo inayotuozeshea miche?

JIBU: Habari ni njema. Kwanza hongera kwa kuacha nusu ya kila kitalu bila unga. Wengi hutia shamba zima kisha wanakuja kuniuliza kama dawa imefanya kazi, nami sina cha kulinganisha. Wewe umeniletea jibu mkononi, bado kulisoma tu.

Inaelekea majivu hukuuziwa. Matokeo yako yanafanana na kazi ya kuvu hii.

Nianze na kabichi kwa sababu ndiyo rahisi. Kabichi na jamaa zake, yaani sukuma wiki, figili na haradali, hazishirikiani na kuvu hii. Ukoo huo ulipoteza zamani jeni zinazohitajika kuipokea kwenye mzizi. Mchicha, spinachi na bitiruti nazo ni hivyo hivyo, ingawa ni ukoo mwingine. Hata ungemwaga mkebe mzima, kabichi isingejua kuna mgeni mlangoni. Kwa hiyo unga uliotia pale umepotea, na muuzaji alipaswa kukuambia.

Sasa hofu yako ya kuozesha miche. Kuvu zinazoozesha shina la mche zipo, lakini hii ni nyingine kabisa. Kuvu yako haiwezi kukua wala kuzaana bila mzizi ulio hai. Haina uwezo wa kujitengenezea hata mafuta yake ya mwilini, huyachukua kwenye mmea pamoja na sukari. Ikiua mmea, imejiua. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliupa ushirika wa kuvu na mizizi jina la mikoriza, maana yake kuvu-mzizi, lakini wenyewe ni wa kale mno. Katika mawe ya Rhynie, Uskoti, yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, kuvu za aina hii zinaonekana ndani ya mimea ambayo ilikuwa bado haina hata mizizi ya kweli. Leo zaidi ya asilimia 70 ya aina za mimea ya nchi kavu inashirikiana nazo. Kabichi ndiyo iliyo nje ya kawaida.

Twende kwenye vitunguu, maana hapo ndipo penye mambo.

Fosforasi ni kirutubisho kisichotembea. Naitrojeni ikiwa katika hali ya naitreti husafiri na maji, mzizi ukivuta maji naitreti inakuja. Fosforasi hung'ang'ania udongo: kwenye udongo wenye asidi hushikwa na chuma na alumini, kwenye udongo wa chokaa hushikwa na kalisi. Mzizi hula ile iliyo karibu nao, milimita moja au mbili kuuzunguka, kisha ukanda huo unabaki mtupu. Sentimita tatu pembeni ipo, lakini haiji.

Kuvu huifuata. Hutoa nyuzi nyembamba ambazo huuvuka ule ukanda mtupu na kwenda sentimita kadhaa mbele. Ukiigawa milimita moja mara elfu, unene wa uzi mmoja ni vipande viwili hadi kumi tu. Kwa sukari ambayo mmea ungeitumia kutengeneza kipande kifupi cha mzizi, kuvu inatandaza nyuzi ndefu mara nyingi zaidi, na zinapenya kwenye vitundu ambavyo mzizi haupiti. Njiani huokota pia zinki na shaba, ambazo nazo ni wavivu wa kutembea.

Ung'oe kitunguu kimoja uoshe mizizi yake. Utaona kamba chache nyeupe, nene, hazina matawi mengi, na vile vinywele vidogo ambavyo mimea mingine inavyo karibu havipo. Ni mtu mwenye mikono mifupi anayekula sinia kubwa. Linganisha na mzizi wa ngano au nyasi yoyote, mwembamba na wenye vinywele tele: huo unajitegemea kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana vitunguu, na muhogo pia, huitikia kuvu kwa kishindo, hasa fosforasi ya udongo ikiwa chache. Vitunguu vyako vilikosa mbolea ya kupandia, ambayo ndiyo huleta fosforasi. Kuisha kwa mbolea kumekupa jaribio zuri kuliko ungelipanga.

Mkono mtupu haulambwi, na kuvu haifanyi kazi bure. Mmea hulipa kati ya asilimia 4 na 20 ya kaboni unayoinasa hewani kwa majani. Malipo hufanyika ndani ya seli za mzizi. Kama una rafiki mwenye hadubini, unaweza kuyaona: chukua mizizi membamba, ichemshe kwenye magadi makali ya potasiamu hadi iwe angavu (vaa glavu, yanachoma ngozi), suuza, kisha itie kwenye wino uliochanganywa na siki. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilidhani nimechafua kioo. Nyuzi za buluu zilipita kati ya seli kama nyufa, na ndani ya seli moja moja kulikuwa na kitu chenye shina fupi na matawi yanayogawanyika hadi kuwa ukungu tu. Kinaitwa abaskuli, neno lenye maana ya kijimti. Hapo ndipo fosforasi inapokabidhiwa. Kijimti kimoja hudumu siku chache tu, kisha mmea hukiyeyusha na kingine kinaota.

Nyanya zako je? Nyanya hupokea kuvu vizuri, tatizo ni ile mbolea. Mmea wenye njaa ya fosforasi hutoa kwenye mizizi kemikali ziitwazo strigolaktoni. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba kuvu ikizihisi huanza kutoa matawi kwa wingi na kuelekea kwenye mzizi. (Kiduha, lile gugu linalonyonya nafaka, huamshwa na kemikali hizo hizo. Mmea unamwita fundi, mwizi naye anasikia.) Mmea ulioshiba fosforasi hupunguza wito huo na hata kuvu iliyokwisha kuingia huzuiwa isienee. Una akili yake: kwa nini umlipe mchukuzi na mzigo umeshaletwa nyumbani? Kwa hiyo ile tofauti unayoishuku kwenye nyanya inaweza kuwepo, ila mbolea imeifunika.

Nikuonye kuhusu maneno ya "mara mbili". Kuvu haiumbi fosforasi. Inafikisha iliyopo, na kama udongo umechakaa kabisa hakuna cha kufikisha. Haitengenezi naitrojeni kutoka hewani. Hiyo ni kazi ya bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde, na wauzaji huwachanganya makusudi au kwa kutojua. Angalia pia lebo. Ukikuta Trikoderma peke yake, hiyo ni kuvu yenye faida zake dhidi ya magonjwa lakini si mikoriza. Tafuta majina kama Rhizophagus, Funneliformis au Glomus, na tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa sababu ni viumbe hai. Mkebe uliokaa juani sitauamini hata uwe na lebo ya dhahabu.

Namna ya kutia: usichanganye na udongo wote, unaipunguza nguvu. Weka kidogo chini ya mbegu au kwenye shimo la mche, mzizi ukishuka uiguse. Usimwagie viuakuvu siku hizo hizo, hasa vile vinavyofyonzwa na mmea.

Faida kubwa zaidi hupatikana kwenye kitalu chenye udongo uliochomwa au kutiwa gesi ili kuua magonjwa. Huko Marekani vitalu vya michungwa vilivyotiwa gesi vilitoa miche iliyodumaa, na waliohusika walidhani gesi imeacha sumu. Mwaka 1972 ilithibitishwa kwamba kilichokosekana ni kuvu ya mizizi: iliporudishwa, miche ikakua.

Shambani ni tofauti. Udongo wa shamba lililotunzwa vizuri kwa kawaida una kuvu zake tayari, na kununua nyingine mara nyingi ni kuongeza chumvi baharini. Kinachoziua ni kupindua udongo mara kwa mara, kunakokata ule mtandao wa nyuzi, na kuacha ardhi tupu muda mrefu bila mzizi hai. Kaskazini-mashariki mwa Australia wakulima waliopumzisha ardhi tupu zaidi ya mwaka walishangaa kuona mazao yanadumaa badala ya kustawi, na ikabainika kuvu zilikuwa zimepungua kwa njaa.

Ukifikiria kuotesha misonobari siku moja, mkebe huu hautafaa. Misonobari hutumia kuvu za kundi jingine, zinazovika ncha ya mzizi soksi kwa nje, na nyingine kati yake huzaa uyoga unaouona chini ya mti.

Msimu ujao fanya hivi. Kitalu cha nyanya kigawe mara nne: bila chochote, unga tu, nusu ya mbolea pamoja na unga, na nusu ya mbolea bila unga. Palipokuwa na kabichi, usipande vitunguu moja kwa moja. Kuvu za pale zimekaa msimu mzima bila mwenyeji. Tanguliza mikunde au mahindi, au kama huna subira, hapo ndipo utumie unga uliobaki kwenye mkebe.